Byambasuren Davaa, mwongozaji aliyemsubiri ngamia alie

Kila ninapopata vijana wapya wa kuwafundisha uhariri wa filamu, siku ya kwanza sifungui kompyuta. Nazima taa, nawaonyesha ngamia.

Ni ngamia jike wa jangwa la Gobi, kusini mwa Mongolia, aliyetoka kuzaa kwa taabu kubwa. Mtoto ni mweupe na miguu yake bado inatetemeka. Kila akisogelea kiwele mama anamkwepa, na akizidi kung'ang'ania anapigwa teke. Siku zinapita, mtoto anadhoofika. Mwishowe wavulana wawili wa ile familia, Dude na mdogo wake Ugna, wanapanda ngamia kwenda mjini kumtafuta mpiga morin khuur, zeze la nyuzi mbili lenye kichwa cha farasi kilichochongwa juu ya shingo yake. Mpigaji anafika. Kabla ya kulipiga, zeze linatundikwa kwenye nundu ya ngamia, na upepo unaopita unazivumisha nyuzi zenyewe. Kisha mwanamke wa nyumba anaanza kuimba huku akimpapasa mnyama, neno lilelile, tena na tena. Ngamia anatokwa na machozi, na mtoto ananyonya.

Taa zikiwashwa, darasa huwa kimya kidogo.

Filamu hiyo ya mwaka 2003, inayojulikana duniani kama The Story of the Weeping Camel, ndiyo iliyomtambulisha Byambasuren Davaa. Alizaliwa mwaka 1971 Ulaanbaatar, akafanya kazi kwenye televisheni ya nchi yake na kusomea filamu hukohuko, kisha mwaka 2000 akaenda Munich, Ujerumani, kusomea filamu za hali halisi. Ngamia huyu ni kazi yake ya uanafunzi, aliyoiongoza pamoja na mwanafunzi mwenzake Luigi Falorni, Mwitaliano ambaye ndiye pia aliyeshika kamera. Wakashinda tuzo ya chama cha waongozaji wa Marekani, na mwaka 2005 filamu ikawamo kwenye orodha ya mwisho ya Oscar kwa filamu ndefu za hali halisi. Wanafunzi!

Swali linalofuata ni lilelile kila mwaka: hii ni kweli au ni maigizo? Jibu langu ni kwamba familia ni ya kweli, mifugo ni yao, hema ni lao, na wanaigiza maisha yao wenyewe mbele ya kamera. Safari ya wale wavulana ina mkono wa mwongozaji, tena unaonekana. Lakini hakuna anayeweza kumwamuru ngamia. Davaa aliijua ibada ile tangu utotoni, kwa hiyo alijua anasubiri nini na kamera ikae wapi. Mengine aliyaacha yaje.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimekaa upande wa pili. Miaka kadhaa iliyopita nilihariri filamu fupi ya shirika moja, na kwenye mikanda ghafi nikamsikia mtu nyuma ya kamera akimwomba mama wa kijijini arudie kulia, kwa kuwa mara ya kwanza jua lilikuwa vibaya. Mama yule alijitahidi. Chozi la pili nililikata, wakanilazimisha kulirudisha. Tangu hapo nikimtazama yule ngamia nazihesabu shoti, na naona jinsi mhariri alivyokaa pale pale kwenye jicho bila kukimbilia kokote.

Filamu yake ya pili, The Cave of the Yellow Dog ya mwaka 2005, naipenda hata zaidi. Familia ya Batchuluun, wafugaji, wanaishi ndani ya ger, hema la duara linalofunikwa kwa sufu iliyoshindiliwa. Binti yao Nansal anaokota mbwa pangoni, na baba hamtaki mbwa huyo. Ndiyo hadithi yote. Lakini kuna bibi mmoja mzee ambaye Nansal anamuuliza kama atazaliwa tena akiwa binadamu. Bibi anachukua sindano, anaishika wima, anamimina mchele juu yake, anamwambia mtoto amweleze punje ikisimama kwenye ncha. Mtoto anakodoa macho. Punje zinateleza moja baada ya nyingine. Haiwezekani, anasema mtoto. Naye bibi anamjibu: ndivyo ilivyo vigumu kuzaliwa mtu. Imani ya Kibudha ya kuzaliwa upya imeelezwa kwa konzi ya mchele, na hakuna msimulizi aliyefungua mdomo.

Kwenye filamu ya mwaka 2009 alimfuata mwimbaji Urna Chahar-Tugchi, aliyetoka Mongolia ya Ndani kule China akitafuta beti zilizopotea za wimbo wa kale, wimbo uliochongwa kwenye zeze la bibi yake lililovunjwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kufuta mambo ya kale nchini China. Kisha kimya kirefu.

Aliporudi mwaka 2020 na Veins of the World, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin, alikuwa ameingia kwenye filamu ya kubuni kamili. Sioni kwamba aliiasi njia yake. Nchi ilikuwa imebadilika: malisho yanachimbwa na kampuni za dhahabu, na ghadhabu ya namna hiyo huwezi kuisubiri ijitokeze kama chozi la ngamia. Baba wa mvulana Amra anawaongoza wafugaji wanaogoma kuhama. Baba anafariki, na mvulana wa miaka kumi na moja anaachiwa mzigo.

Ibada ya kumbembeleza ngamia iliingizwa na UNESCO mwaka 2015 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hilo huwaambia vijana wangu, kisha narudisha filamu nyuma hadi pale Ugna anapoiona televisheni mjini. Mtoto ameganda mbele ya kioo. Akirudi nyumbani anaiomba, babu anamwonya kuhusu picha za kwenye kioo, lakini filamu inafika mwisho dishi likifungwa nje ya hema. Miaka kumi na saba baadaye, Amra haombi tena televisheni. Anataka kwenda kuimba ndani yake.