Namba Hazidanganyi? Njoo Ukae Mezani Kwangu

Jana tena. Nilimwambia mtu kwa upole kwamba kuwapambanisha Wilt Chamberlain na LeBron James, magwiji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa jumla ya pointi si kazi ya dakika mbili, naye akanirudishia wimbo uleule: "Kaka, LeBron ana zaidi ya pointi 40,000. Namba hazidanganyi. Mjadala umefungwa." Akamalizia na vikatuni vitatu vya kicheko.

Sawa. Mimi ndizo hizo namba zinazoniweka mjini. Kazi yangu ni takwimu za mezani: pembeni yangu kuna mwenye saa, mbele yangu kompyuta, na sikioni mwangu mwenzangu anayenisomea kila tukio la uwanjani. Ribaundi (kudaka mpira baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi iliyozaa kikapu), stili (kumpokonya mpinzani mpira) na bloku (kuzuia mtupo wake) zote zinapita mikononi mwa watu kama sisi kabla hazijawa "historia". Na ninachokijua ni kwamba nyuma ya kila namba kuna aliyeamua kipi kihesabiwe, kihesabiwe kwa kipimo gani, na kipi kiachwe nje. Pointi 30,000, asisti 10,000, tripo dabo ya mia (tarakimu mbili katika vipengele vitatu kwenye mechi moja): kila moja imesimama juu ya maelfu ya maamuzi ya namna hiyo.

Pointi nazipitia haraka, maana zenyewe zina utata mdogo. Mpira umepita kwenye neti au haukupita. Lakini hata hapo tazama mazingira. Kareem Abdul-Jabbar alistaafu mwaka 1989 akiwa na pointi 38,387, na katika zote hizo alifunga mtupo mmoja tu wa pointi tatu. Mmoja! NBA iliuanzisha mstari huo msimu wa 1979-80, yeye akiwa ameshacheza miaka kumi. Chamberlain alistaafu 1973, kabla NBA haijauchora. Kareem tena alisoma chuo kikuu cha UCLA miaka minne kabla ya kulipwa senti, wakati LeBron aliingia NBA mwaka 2003 moja kwa moja kutoka sekondari. Michael Jordan alifikisha 32,292 kwa mechi 1,072, Kareem alicheza mechi 1,560. Jumla ya pointi inapima vitu vingi, na kimojawapo ni goti lako limekaa salama miaka mingapi. Hilo ni jambo la kuheshimiwa sana, ila si sawa na kusema "bora kuliko wote".

Sasa tuje kwenye asisti. Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu.

Mashabiki wanadhani asisti ni kama goli: ipo au haipo. Haya, nikuoneshe. Namba 7 anapandisha mpira, anampasia namba 12 aliyesimama nje ya mstari wa pointi tatu upande wa kushoto. Namba 12 anajifanya anataka kutupa. Beki anaruka. Namba 12 anadunda mara mbili, anapita, anaweka layapu, mtupo wa karibu kabisa na kikapu. Pointi mbili, hazina ubishi. Asisti je?

Watakaokuambia "amedunda, kwa hiyo hapana" hawajasoma mwongozo. Kwa watunza takwimu wa FIBA, shirikisho la kikapu duniani, idadi ya midundo si kipimo. Aliyepokea pasi nje ya eneo lililopakwa rangi mbele ya kikapu na akafunga bila kudunda, asisti. Aliyepokea ndani ya eneo hilo na akafungia humohumo, asisti. Aliyepokea nje akadunda kwanza, swali ni moja: ilibidi ampige beki wake chenga, moja kwa moja, ndipo afunge? Kama ndiyo, kikapu ni jasho lake mwenyewe. Kama njia ilikuwa wazi, hata akidunda kutoka katikati ya uwanja, mpasiaji anapata haki yake.

Rudi kwa namba 12. Beki aliruka. Je, aliruka kwa sababu pasi ilimkuta amechelewa, hivyo mpasiaji ndiye aliyemvunja? Au aliruka kwa sababu namba 12 alimdanganya kwa mabega? Mwenzangu anasema asisti. Naiingiza. Meza nyingine, usiku uleule, ingeikataa, na wala nisingeibishia sana. Hili hutalikuta kwenye semina za waanzao kazi, ila kila aliyekaa mezani analijua: zipo pasi ambazo watunza takwimu wawili wazuri wataziandika tofauti, na wote wana hoja. Mimi mwenyewe nikiitazama video kesho yake naweza kuegemea upande wa pili.

Unadhani hayo ni mambo ya ligi ndogo? Hakeem Olajuwon, tarehe 3 Machi 1990, dhidi ya Golden State Warriors. Baada ya mechi alikuwa na pointi, ribaundi na bloku zote zaidi ya kumi, na asisti 9. Ikibaki moja tu afikishe tarakimu mbili katika vipengele vinne, jambo ambalo wakati huo lilikuwa limefanywa na Nate Thurmond na Alvin Robertson peke yao. Klabu yake ikarudia video, ikaikuta asisti ya kumi. Ligi ikaikataa, namba ikarudi 9. Tarehe 29 mwezi huohuo, dhidi ya Milwaukee Bucks, Olajuwon akamaliza na pointi 18, ribaundi 16, asisti 10 na bloku 11, na safari hii zikakaa. Mchezaji yuleyule, mwezi uleule, na kilichotenganisha "karibu" na "historia" kwenye ile mechi ya kwanza ni pasi moja iliyobishaniwa ofisini. Sasa nani aniambie tena namba hazidanganyi.

Na bado. Ukimpasia mwenzako chini ya kikapu akachezewa faulo wakati anatupa, chini ya FIBA unapata asisti akifunga walau mtupo huru mmoja. NBA hupati kitu. FIBA mechi ni dakika 40, NBA 48. Halafu mtu anachukua wastani wa asisti wa mchezaji wa Ulaya, anauweka kando ya wa NBA, anachora grafu, anavuna maelfu ya "like". Inaniumiza kichwa.

John Stockton ana asisti 15,806, na siombi apunguziwe hata moja, maana hata ukimkata za utata bado anawaacha wote mbali. Ila katika takwimu zake ninayoipenda haina sherehe yoyote: misimu 19, na mechi za msimu wa kawaida alizokosa ni 22. Hiyo haihitaji maoni ya mtu. Ulikuwepo au hukuwepo.

Ribaundi ni rahisi zaidi kuhesabu, na ndiyo maana wachezaji wenyewe huziharibu. Mwaka 2003 Ricky Davis wa Cleveland Cavaliers, mechi imeshaisha kwa maana zote, alibakiza ribaundi moja apate tripo dabo. Akageuka, akautupa mpira kwenye ubao wa kikapu chake mwenyewe ili auokote. Wachezaji wa Utah Jazz wakakasirika, na ribaundi haikuhesabiwa kwa sababu kutupa kwenye kikapu chako si jaribio la kufunga. Klabu yake ikampiga faini ya dola 25,000. Miaka 20 baadaye, Machi 2023, Giannis Antetokounmpo, mchezaji mkubwa kabisa, akafanya ujanja wa aina hiyo upande wa wapinzani dhidi ya Washington Wizards: sekunde za mwisho akaurusha mpira bila nia ya kufunga, akaudaka. Mezani wakampa ribaundi ya kumi, kesho yake ligi ikamnyang'anya. Nilifurahi, nakiri. Si kwa ubaya na Giannis, bali kwa sababu walau mara moja watu waliona kwamba kuna mwenye kalamu na kuna mwenye kifutio.

Halafu kuna yale ambayo hayakuandikwa kabisa. NBA ilianza kuhesabu stili na bloku msimu wa 1973-74. Maana yake, kwenye kumbukumbu rasmi, Bill Russell, aliyetwaa ubingwa mara 11 kwa kuzuia mipira ya watu, hana bloku hata moja. Orodha ya "wazuiaji bora wa wakati wote" unayoisambaza haina Russell wala Chamberlain. Julius Erving alifunga zaidi ya pointi 30,000 ukijumlisha NBA na ABA, ligi iliyokuwa mshindani wake, lakini orodha ya NBA inamtambua kwa 18,364 tu, kwa kuwa miaka yake ya ABA kabla ya ligi kuungana 1976 haihesabiwi humo. Kuna siku naona ni haki, kwani ligi ni ligi. Kuna siku naona ni ukiritimba mtupu. Sijafika mwisho wa hoja hiyo na sidhani nitafika.

Hata leo mambo ni hayohayo. Desemba 2023 Anthony Davis alifunga pointi 41 na kuchukua ribaundi 20 kwenye fainali ya lile kombe la katikati ya msimu kule Las Vegas. Kwenye jumla ya maisha yake ya kikapu hazipo, kwa sababu fainali hiyo pekee haihesabiwi kama mechi ya msimu. Mechi za mchujo wa kuingia mtoano nazo zinaning'inia: si msimu wa kawaida, si mtoano. Oscar Schmidt wa Brazil ndiye mfungaji mkuu wa Olimpiki kwa pointi 1,093, na hakucheza NBA hata dakika moja. Diana Taurasi, wa kwanza kufikisha pointi 10,000 WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, mwaka 2023, aliukosa msimu mzima wa 2015 kwa kuwa klabu yake ya Urusi ilimlipa apumzike. Ukimhesabia pointi tu, msimu huo ni sifuri. Ukiuliza mwajiri gani mwingine aliwahi kumlipa mtu asiende kazini kwa jinsi alivyokuwa na thamani, habari inabadilika.

Ukiniuliza mimi hatua za mchezaji wa kulipwa zinazostahili keki, nitakutajia zisizoonekana ubaoni. Drafti, ile siku klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, haimo. Kuchaguliwa ni makisio ya watu wengine juu yako. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili mwaka 2009, Stephen Curry wa saba, na watu mpaka leo wanamcheka Thabeet kana kwamba yeye ndiye aliyejichagua. Mimi natazama mkataba wa pili. Wa kwanza umepewa kwa matumaini, wa pili wamekuona ukicheza na bado wakakutaka. Natazama miaka ya huduma: mitatu inakupa haki ya pensheni, saba inapandisha kiwango cha juu cha mshahara kutoka asilimia 25 ya ukomo wa mishahara ya timu hadi 30, kumi inakifikisha 35.

Na mwaka wa huduma unaupata kwa kuwa kwenye orodha ya timu walau siku moja ya msimu wa kawaida. Ndiyo maana mkataba wa siku kumi, ambao shabiki anauona kama kibarua, kwa mchezaji wa pembezoni unaweza kuwa tarehe kubwa kuliko zote. Anausaini Januari, anakaa benchi, anapiga makofi, koti la mazoezi halivui. Mwaka wake wa tatu umetimia, pensheni ameipata, na kwenye takwimu za usiku huo jina lake lipo chini kabisa: hakucheza.