Miaka 41 Si Kipimo

Juzi nimepokea tena barua ya rufaa ya aina ileile: "Me, miaka 41, kisukari aina ya pili." Aliyeiandika hakupima kitu zaidi ya sukari. Kaangalia umri, kahukumu.

Mgonjwa mwenyewe aliingia na mkanda uliotobolewa matundu matatu mapya kwa msumari. Miezi minne anameza vidonge vya metformini na glibenklamaidi, sukari haishuki chini ya 18 mmol/L, na kijiti cha mkojo kilionyesha ketoni, mabaki ya mafuta ambayo mwili huyachoma ukikosa insulini. Kila alikopita aliambiwa apunguze ugali. Kaacha ugali, kaacha wali, kaacha hadi chai ya sukari. Kongosho lake, kiungo kinachotengeneza insulini, wala halina habari. Nilimwanzishia insulini siku hiyo, nikihofia ni aina ya kwanza, ile ambayo kongosho huacha kuitengeneza.

"Lakini daktari, hiyo si ya watoto?"

Hapana, kaka yangu. Aina ya kwanza haiulizi cheti cha kuzaliwa. Tena ipo ile ya watu wazima inayokuja kwa kunyata, LADA: kinga ya mwili inakula seli za kongosho kidogokidogo, kingamwili zake zinaonekana kwenye damu, vidonge vinasaidia mwaka, pengine miwili, halafu basi.

Sasa msinigeuzie upande wa pili mkasema kila mwembamba ni aina ya kwanza. Hilo nalo limenichosha. Utafiti wa YODA uliochapishwa 2025 uliwapima vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakitibiwa kama aina ya kwanza. Takriban 65% hawakuwa na kingamwili hizo. Basi wana nini? Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa na kundi la kisukari cha utapiamlo mwaka 1985, likalifuta 1999. Mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la kisukari, IDF, likalirudisha kwa jina la aina ya tano. Mimi bado sijashawishika kwamba huo ni ugonjwa mmoja.

Na wanene je? Niliwahi kumpokea mama wa kilo 104, ketoni zimejaa, anahema kama katoka mbio. Nikamwambia insulini ni ya maisha. Miezi mitano baadaye anatumia metformini peke yake na sukari imetulia. Nilimwomba radhi.

Wenye pesa hukimbilia kupima C-peptidi, kipimo cha damu kinachoonyesha kongosho bado linatengeneza insulini kiasi gani, wiki ya kwanza. Jamani! Seli zilizolemewa na sukari huzimia. Ukizipima zikiwa zimezimia utaandika zimekufa. Baada ya miaka mitatu hivi ndipo jibu lake linaaminika zaidi. Hapa kwetu kipimo chenyewe hakipo, kwa hiyo natumia uzito, ketoni na subira. Hukosea. Ila nikiwa na shaka naanza na insulini, maana kumpa asiyeihitaji kunarekebishika akifuatiliwa vizuri, na kumnyima anayeihitaji kunaweza kumuua ndani ya wiki.

Kwenye kadi ya yule wa mkanda niliandika: "Aina: bado." Karani wa takwimu kanirudishia. Fomu yake ina visanduku viwili tu.