Nundu ya Ngamia Haina Maji, na Dhana Nyingine Potofu za Jangwani na Nyikani

Muulize mtu yeyote ngamia anaishije jangwani, atakujibu bila kufikiri: kabeba maji kwenye nundu. Hata mimi niliamini hivyo mpaka ukubwani. Macho ndiyo yanayotuponza. Kiungo kinachoonekana hupewa sifa zote, kumbe kazi yenyewe hufanyika puani, mizizini, au usiku tukiwa tumelala.

"Nundu ni tangi la maji"

Nundu ni mafuta. Ngamia akikaa na njaa siku nyingi, nundu husinyaa na kulala upande. Akishiba tena, nundu husimama. Wapo wabishi watakaokwambia kuwa mafuta yakitumika mwilini hutoa maji. Ni kweli, lakini kuyatumia kunahitaji oksijeni, na kila pumzi inayotoka huondoka na unyevu wake, kwa hiyo chumo lote huishia hewani. Nundu ni akiba ya chakula. Tena kwa kuwa mafuta yamerundikwa mahali pamoja, mwili uliobaki haujavikwa mafuta na joto lina pa kutokea.

Ubahili wa maji uko kwingine. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen alikwenda Sahara, upande wa Algeria, kuwapima ngamia. Akakuta kuwa ngamia aliyenyimwa maji huacha joto la mwili lishuke hadi nyuzi 34 alfajiri, kisha lipande kupita 40 alasiri. Mtu mwenye joto hilo yuko kitandani, hoi. Ngamia yeye halipotezei jasho. Hulibeba joto la mchana mpaka usiku, baridi ikalichukua bure. Kwa mnyama wa kilo 500, hizo ni kama lita 5 za maji zilizookolewa kwa siku. Hata pumzi yake hupozwa puani na kuacha sehemu ya unyevu ndani kabla ya kutoka.

Anaweza kupungukiwa maji yanayofikia robo ya uzito wake na bado akawa anatembea. Akifika kisimani hunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika kumi hivi. Damu ya wanyama wengi isingestahimili mafuriko hayo, ila chembe nyekundu za ngamia zina umbo la yai na huvimba bila kupasuka.

"Mmea wa jangwani lazima uwe na mizizi mirefu"

Ipo inayozama kweli: kule Kalahari, wachimba visima walikuta mizizi ya mti uitwao kitaalamu *Boscia albitrunca* mita 68 chini ya ardhi. Lakini kakati kubwa za Marekani, mimea minene yenye miiba, zina mizizi mingi inayotambaa karibu kabisa na uso wa udongo, kwa sababu mvua ya huko ni ya kupita tu, hulowesha tabaka la juu na kukauka. Wa kwanza kunywa ndiye anayepata.

Miiba ya kakati ni majani yaliyogeuka; usanisinuru hufanywa na shina. Vitundu vyake vya kupumulia hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, hewa ya ukaa ikaingia na kuhifadhiwa kama asidi hadi jua lichomoze. Ndiyo maana utomvu wake ni mchachu zaidi alfajiri kuliko jioni. Na usidhani ukipotea utakata kakati yoyote unywe. Nyingi zitakutapisha, upoteze hata maji uliyobaki nayo.

"Jangwa ni mchanga na joto"

Jangwa ni ukame. Antaktika ni jangwa. Hata Sahara, sehemu kubwa yake ni mawe na changarawe.

"Bila wanyama wa kuutafuna, mgunga ungenawiri"

Kuna mgunga wa nyika za Afrika Mashariki wenye miiba iliyovimba chini kama vibuyu vidogo, kila kimoja na tundu. Gusa tawi kidogo tu: sisimizi wanamiminika nje, tayari kung'ata. Mti huwapa nyumba na maji matamu, wao huulinda dhidi ya twiga na tembo. Huko Laikipia, Kenya, watafiti waliizungushia baadhi ya migunga uzio kwa miaka kumi. Matokeo yalitoka mwaka 2008: miti ya ndani ya uzio ilipunguza nyumba na maji matamu, walinzi wakadhoofika, na sisimizi wa aina nyingine, wanaofaidika na matundu ya wadudu watoboao shina, wakashika nafasi. Miti hiyo ilikua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyokuwa ikitafunwa nje.

"Moto huua mbuga"

Mche wa mti hukua kwa ncha. Ukiungua au ukiliwa, umerudishwa nyuma. Unyasi hukua kutoka chini. Shika shina lake ulipekue hadi kwenye udongo, utaona sehemu laini, nyeupe: hapo ndipo jani linapotengenezwa, chini ya meno ya swala na chini ya ndimi za moto. Malisho ya kupita kiasi huua nyasi, hilo halina ubishi. Lakini moto wa kiangazi ukipita upesi, majivu yanabaki juu na mizizi iko hai chini. Mvua ya kwanza ikidondoka, ardhi nyeusi inachipua kijani kabla miti haijajikwamua.