Makanisa ya Yaroslavl: yanayosemwa na yaliyopo ukutani

Yaroslavl ni mji wa kale wa Urusi, umekaa pale mto Kotorosl unapoingia Volga. Anayejiandaa kwenda kuyaona makanisa yake huwa keshasikia mengi, na baadhi si kweli.

Linaloniuma zaidi ni lile la kwamba uzuri wote ule ulitoka kwenye hazina ya wafalme. Kanisa la Nabii Eliya, la 1647 hadi 1650, liligharimiwa na ndugu wa ukoo wa Skripin, wafanyabiashara. Ng'ambo ya Kotorosl, mtaa wa Tolchkovo, watengeneza ngozi walijijengea Kanisa la Yohana Mbatizaji kati ya 1671 na 1687, la matofali mekundu na kuba 15. Jina la mtaa limetokana na kutwanga, maana hapo ndipo yalipotwangwa magome ya mwaloni ya kulainishia ngozi. Watu wa kazi hiyo ndio waliosimamisha kanisa lililokuja kuchorwa kwenye noti ya rubli 1,000.

Wengine hudhani sanaa ya kidini ya Urusi ilijifungia ndani, haikujua ya dunia. Ingia kwa Eliya uone. Kuta, kuanzia chini hadi darini, zilichorwa 1680 na 1681 na mafundi walioongozwa na Gury Nikitin na Sila Savin wa Kostroma. Mji ulikuwa kwenye njia ya biashara ya kwenda bandari ya Arkhangelsk, na mafundi hao walikuwa na kitabu cha picha kilichochapwa Amsterdam mwaka 1650, kinachoitwa Biblia ya Piscator. Picha zake hazikuwa na rangi. Rangi zilizoko ukutani ni za mafundi wenyewe.

Tafuta kisa cha Elisha na yule mwanamke Mshunami, ambaye mwanawe alishikwa na kichwa shambani. Maandiko yanawataja wavunaji mara moja tu, yakapita. Wachoraji hawakupita. Wamewaweka wazi, mashati ya rangi za kung'aa, migongo imeinama, mundu mkononi, na mbele yao nafaka ya manjano bado imesimama. Aliyewahi kuvuna mpunga ataujua mgongo ule. Mimi hapo ningekaa nusu saa kabla ya kusogea.

Kwamba Waorthodoksi, Wakristo wenye makanisa haya, wanaabudu picha, hilo lilijibiwa zamani. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 787, ulisema picha hupewa heshima, na heshima hiyo humwendea aliyechorwa. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Waorthodoksi wa Kenya na Uganda wanashika mafundisho hayohayo.

Na weusi wa ikoni kuukuu, yaani picha takatifu zilizochorwa kwenye ubao? Si kwamba mafundi wa zamani walipenda giza. Ikoni ilipakwa mafuta ya kitani ili ilindwe, nayo mafuta hayo hugeuka meusi kadiri miaka inavyopita, moshi wa mishumaa ukazidisha. Zikisafishwa, chini yake mna wekundu na ubuluu mkali ajabu. Zilizosafishwa utaziona katika jumba la kale la askofu mkuu, lililo sehemu ya makumbusho ya sanaa ya mji.

Si kila kuba ni ya kale, vilevile. Kanisa kuu la Kupalizwa kwa Bikira Maria, linaloonekana pale mito inapokutana, lilizinduliwa 2010. La zamani lililipuliwa 1937, na hili jipya halifanani nalo.

Mwisho, usiambiwe kwamba msimu wowote ni sawa. Warusi walijenga kanisa la kiangazi lisilo na moto, na kando yake dogo la kupashwa joto wakati wa baridi. Huko Korovniki, ukingoni mwa Volga, yote mawili yamesimama bega kwa bega. Kanisa la Eliya hufunguliwa kwa wageni miezi ya joto, kwa sababu unyevu na baridi huzila rangi za ukutani. Ukienda Januari utaziona kuba zake za kijani juu ya theluji, lakini wale wavunaji watakuwa nyuma ya mlango uliofungwa.