Je, wajua kwa nini mzee aliyeanza kusahau huulizwa kama bado ana hamu ya kula?

Familia humpeleka mzee hospitali kwa lalamiko moja: kumbukumbu. Anarudia swali lile lile, hajui leo ni siku gani, jina la mjukuu limempotea. Daktari naye anaanza kuuliza mambo yanayoonekana kuwa kando kabisa. Analala vipi usiku? Anakula? Yale aliyokuwa akiyapenda bado anayafanya? Ndugu hubaki wakitazamana. Kumbe daktari anatafuta sonona, ugonjwa wa kuzama katika huzuni na kukosa hamu ya mambo. Sonona ya uzeeni huweza kufanana mno na demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na ni hatari kuzichanganya kwa sababu sonona inatibika, ilhali demensia nyingi mpaka leo haziponi.

Kuzitenganisha ni kazi ya juzi tu. Hadi katikati ya karne ya 20, mtu aliyepita miaka 60 akichanganyikiwa, akinyamaza au akikataa chakula, hospitali nyingi za magonjwa ya akili za Ulaya zilichukulia kwamba uzee umemwingia kichwani na hakuna la kufanya. Aliyeutikisa mtazamo huo ni Martin Roth, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Budapest mwaka 1917 na kukulia Uingereza. Akiwa hospitali ya Graylingwell mjini Chichester, hakuvumbua kipimo wala dawa. Alichukua majalada ya wazee waliokuwa wamelazwa pale, akawagawa kwa dalili walizoingia nazo, kisha akauliza swali ambalo hata karani wa masjala angeweza kuliuliza: baada ya miezi sita, na tena baada ya miaka miwili, nani yuko wapi? Nani ameruhusiwa, nani bado yuko wodini, nani amefariki?

Majibu yalichapishwa mwaka 1955. Katika wale walioingia na sonona, wengi walikuwa wameshatoka ndani ya miezi sita. Katika wale wenye demensia ya uzeeni, wengi walikuwa wamefariki katika muda huo huo. Kama ungekuwa ugonjwa mmoja, hatima zao zisingeachana namna hiyo. Kwa maoni yangu hii ni moja ya tafiti zilizotumia akili nyingi kwa gharama ndogo katika tiba yote ya akili: kalamu, majalada na subira.

Roth alihamia Newcastle, na huko akatafuta ushahidi ndani ya ubongo wenyewe. Yeye na wenzake Garry Blessed na Bernard Tomlinson waliwapima wazee wakiwa hai, wakawapa alama kulingana na jinsi akili na shughuli zao za kila siku zilivyodorora. Wazee hao walipofariki, ubongo wao ulichunguzwa kwa hadubini na madoa ya protini yaliyomo yakahesabiwa. Ni madoa yale yale ambayo daktari Mjerumani Alois Alzheimer alikuwa ameyaeleza mwaka 1906 katika ubongo wa mwanamke aliyelazwa Frankfurt akiwa na miaka 51. Kwa miongo kadhaa baadaye, ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, ulidhaniwa kuwa kitu adimu cha watu wa umri wa kati. Kazi ya Newcastle, iliyotoka kati ya mwaka 1966 na 1968, ilionyesha kwamba kadiri demensia ya mzee ilivyokuwa nzito, ndivyo madoa yalivyozidi. Wazee waliokuwa na sonona hawakuwa na mrundikano huo.

Basi kama ubongo wa mwenye sonona hauna mrundikano huo, kwa nini anasahau? Kwa sababu kukumbuka kunahitaji nguvu. Kwanza uwe makini ili jambo likuingie, halafu uwe na msukumo wa kulitafuta pale unapolihitaji. Sonona hula vyote viwili. Mzigo uko ghalani, ila mtunza ghala hana nguvu ya kuinuka kuufuata. Ndiyo maana mwenye sonona akipewa dokezo, kwa mfano akiambiwa kwamba neno analolitafuta ni jina la tunda, mara nyingi hulipata. Kwa mgonjwa wa Alzheimer dokezo husaidia kidogo sana, kwa kuwa jambo lenyewe halikuhifadhiwa.

Tofauti hizi husikika hata katika maongezi. Mwenye sonona hulalamikia kumbukumbu yake mwenyewe, tena kwa uchungu, na akiulizwa hujibu "sijui" kabla hata hajajaribu. Mwenye demensia mara nyingi hasemi kuwa ana tatizo. Wanaolalamika ni watu wa nyumbani, na yeye akikwama hubahatisha jibu au hugeuza mada. Kusahau kwa sonona huanza katika wiki au miezi ambayo familia inaweza kuitaja. Demensia hunyemelea kwa miaka. Tena wazee wengi wenye sonona hawasemi kwamba wana huzuni. Husema mgongo unauma, usingizi hauji, chakula hakina ladha. Hilo swali la hamu ya kula linatokea hapo.

Ilionekana kama jambo limekwisha. Mwaka 1961 daktari Leslie Kiloh aliandika kuhusu wagonjwa walioonekana kuwa na demensia kumbe sivyo, hali aliyoiita demensia bandia, na madaktari wakafarijika: tibu sonona, kumbukumbu itarudi. Aliyekuja kuharibu raha hiyo ni George Alexopoulos, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyejitoa kuchunguza sonona ya wazee kwa miongo mingi. Alifuatilia wagonjwa 57, wote wazee waliolazwa kwa sonona. Baadhi yao walikuwa wameonyesha dalili za demensia zilizotoweka sonona ilipotibiwa. Katika ripoti yake ya mwaka 1993, asilimia 43 ya hao walikuja kupata demensia ya kweli baada ya miaka michache, dhidi ya asilimia 12 ya wale ambao sonona yao haikugusa kumbukumbu. Ule usahaulifu bandia haukuwa bandia kabisa.

Kuna maelezo matatu yanayoshindana, na si lazima moja tu liwe sahihi. La kwanza linasema sonona yenyewe huumiza ubongo: msongo wa muda mrefu huongeza homoni ya kortisoli, nayo hudhuru hipokampasi, sehemu inayotengeneza kumbukumbu mpya. La pili ni la Alexopoulos na wenzake, walilolitoa mwaka 1997: shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa midogo ya ubongo, na uharibifu huo mmoja huzaa sonona leo na demensia kesho. La tatu ndilo linalotisha zaidi, kwamba sonona inayoanza uzeeni wakati mwingine ni demensia iliyokwisha kuingia, ila bado haijagusa kumbukumbu.

Hilo la tatu lilipata nguvu mwaka 2017. Mtafiti Archana Singh-Manoux na wenzake walitumia takwimu za watumishi 10,189 wa serikali ya Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 28. Waliokuwa na dalili za sonona katika umri wa kati hawakupata demensia zaidi ya wengine. Waliokuwa nazo karibu na uzee walipata zaidi. Tofauti ya dalili za sonona kati ya waliokuja kupata demensia na wasioipata ilianza kuonekana takribani miaka 11 kabla ya demensia kugunduliwa, kisha ikazidi kupanuka. Hata hivyo mjadala haujafungwa. Tume ya demensia ya jarida la kitabibu la Lancet, inayoongozwa na daktari wa akili Gill Livingston wa London, bado iliiweka sonona mwaka 2024 kati ya vihatarishi 14 vinavyoweza kudhibitiwa, ambavyo kwa pamoja huhusishwa na karibu asilimia 45 ya demensia duniani.

Hata tiba hufuata mgawanyo huu. Mzee mwenye sonona bila demensia hunufaika vizuri. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, uliohusisha wazee 1,801, ulionyesha kwamba akipewa mhudumu anayefuatilia hali yake na kushirikiana na daktari wake wa kawaida, uwezekano wa kupata nafuu huwa zaidi ya mara mbili ya ule wa huduma ya kawaida. Lakini sonona ikimkuta mtu ambaye tayari ana Alzheimer, vidonge vinavyozoeleka huyumba. Daktari Sube Banerjee na wenzake walijaribu dawa mbili za sonona, sertralini na mitazapini, kwa wagonjwa 326 nchini Uingereza, na mwaka 2011 wakaripoti kwamba baada ya wiki 13 dawa zote mbili hazikushinda kidonge kisicho na dawa ndani yake. Pengine kwa sababu sonona hiyo inatoka katika ubongo unaoharibika kwa njia nyingine.

Tangu mwaka 2025 kuna kipimo cha damu kilichoidhinishwa Marekani kinachosaidia kugundua madoa ya Alzheimer kwa mtu mwenye dalili. Kinaeleza hali ya protini hizo, ila hakiwezi kusema kwa nini mzee huyu ameacha kula tangu mwezi uliopita, na mtu anaweza kuwa na madoa na sonona kwa pamoja. Kwa hiyo daktari mwangalifu huanza kutibu sonona, humpima mzee kumbukumbu tena baada ya miezi kadhaa, na hata akikuta imerudi yote, humpa tarehe ya kurudi mwaka ujao.