Kima punju hana sumu

Jina ndilo lililomponza kima punju, kima wa jamii ya kolobasi anayeishi Unguja. Punju ni sumu, na mnyama akishaitwa kima wa sumu, watu hawakosi ushahidi. Unguja utaambiwa kwamba mti anaoshinda juu yake hukauka, na kwamba mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Ukweli ni kwamba hana sumu yoyote. Ana harufu kali kuliko kima wengine, basi. Mti unaoliwa majani machanga na kundi zima bila kupumzika unaweza kudhoofika, lakini hata mbuzi wakiachiwa kichaka kimoja matokeo ni hayo hayo.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa nazi. Mkulima akimwona punju juu ya mnazi anahesabu hasara, na simlaumu, maana vinavyodondoka chini anaviona kwa macho yake. Ila anachokula punju ni vidaka, yaani vinazi vichanga kabisa, si dafu wala koroma, na mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi kabla havijafika utale, hatua inayofuata. Watafiti waliolinganisha ulaji wa kima na mavuno katika mashamba ya jirani na msitu wa Jozani, katika miaka ya 1990, hawakuona mavuno yakishuka pale kima walipokula sana. Inaelekea wanapunguza tu vilivyozidi.

Kuna wanaodhani kima ni kima, mpe ndizi mbivu atafurahi. Huyu ukimpa ndizi mbivu umempa adhabu! Tumbo lake lina vyumba vinne, na humo vijidudu huchachusha majani kama ilivyo kwa ng'ombe. Sukari ya tunda bivu humvuruga, ndiyo maana hata embe hulila likiwa bichi. Chakula chake hasa ni majani machanga, machipukizi, maua, na huko pwani hata majani ya mikoko.

Na mkaa? Punju wanaoishi kandokando ya mashamba huonekana wakiokota vipande vya mkaa penye tanuri za zamani na kuvitafuna, jambo ambalo wengine hulichukulia kuwa uchawi. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake walipolichunguza walikuta maelezo ya kawaida kabisa: majani ya mwembe na mkungu yana lishe nzuri, lakini yana pia kemikali zinazozuia mmeng'enyo, na mkaa hunasa kemikali hizo tumboni. Wataalamu wa hospitali hutumia mkaa maalumu kwa mtu aliyemeza sumu kwa sababu iyo hiyo. Kwa hiyo huyu anayeitwa mwenye sumu ndiye anayejitibu dhidi ya sumu ya majani.

Mgeni akimtazama mikononi hudhani alinaswa na mtego, kwa kuwa kidole gumba hakionekani. Hakukatwa, kolobasi wote wako hivyo, na hata jina hilo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukatwa. Vidole vinne virefu vinamtosha kushika tawi. Mkia nao, kinyume cha michoro ya vitabu vya watoto, si wa kuning'inia. Unamsaidia kujimudu anaporuka.

Dume mkubwa peke yake akitawala majike? Hapana. Kundi moja huwa na madume kadhaa, majike wengi zaidi na watoto, na linaweza kupita 30. Mchana wa joto utawaona wakichambuana manyoya, mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zilizosimama kama za mzee aliyetoka usingizini.

Wengine husema wamejaa, hawahitaji ulinzi. Hesabu ya miaka ya 2010 ilipata zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Lakini duniani kote hawana kwao kwingine ila Unguja, ukiacha wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, inapitiwa na barabara ya lami, na kima hugongwa na magari. Matuta yalipowekwa vifo vilipungua, havikwisha.