Pete ya mbao: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mbao ikiwa ngumu, pete inadumu."

Neno hili nalisikia kuliko mengine yote, na ndilo linalowapotezea watu pete zao. Mpingo ni mgumu na mzito hata ukiutia majini unazama. Lakini pete ya mpingo iliyotobolewa kwenye kipande kimoja yaweza kukatika ikiangukia tu sakafu ya vigae. Chanzo ni nyuzi za mti. Ishike pete hiyo kwenye mwanga uitazame vizuri: nyuzi zote zimelala upande mmoja, kama mistari ya daftari. Kwenye sehemu mbili za duara nyuzi zinakwenda nalo sambamba, kwenye sehemu mbili nyingine zinalikata, na hapo urefu wa nyuzi hauzidi unene wa pete, yaani milimita 2 au 3 tu. Pete hupasukia hapo, na mara nyingi hutoka vipande viwili.

Pete ya kukunja ni habari nyingine. Fundi huchukua ubao mwembamba kama karatasi nzito, huulainisha kwa maji ya moto, kisha huuzungusha mara kadhaa kwenye kigingi huku akiutia gundi. Nyuzi zinazunguka kidole chote, hakuna mahali zinapokatwa. Kwa hiyo mti wa ugumu wa wastani uliokunjwa vizuri humshinda mpingo uliotobolewa. Ukinunua, usiishie kuuliza jina la mti. Uliza pete imetengenezwaje.

"Imepakwa, basi maji hayaiwezi."

Yanaiweza, ila hayana haraka. Mbao ikinywa maji hutanuka kwa upana wa nyuzi, kwa urefu wake ni kidogo mno. Kutanuka na kusinyaa huko kusiko sawa ndiko kunakoleta nyufa. Rangi ya juu, iwe vanishi, mafuta au supaglu, huzuia maji mradi haijatoboka, na huanza kuisha kwenye kingo na upande wa ndani unaosuguana na ngozi. Dondoshea tone moja la maji: likisimama kama ushanga, pete iko salama, likisambaa na mbao ikawa nyeusi hapo, ni wakati wa kuipaka upya. Kunawa mikono na kuifuta mara moja hakuna shida. Kufua, kuosha vyombo na kuogelea, ivue. Na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha iwe mbali kabisa na pete iliyopakwa supaglu, maana inaiyeyusha. Ikilowa, iache ikauke kivulini. Jua kali na jiko vinaipasua.

"Ikikwaruzika, imekwisha."

Hapa mbao inaishinda hata dhahabu kwa urahisi wa matengenezo. Iliyopakwa mafuta unaisugua taratibu kwa msasa namba 400, halafu 600, unapaka mafuta ya kitani kidogo na kufuta yaliyozidi. Yaache siku kadhaa yakauke kabla ya kuivaa tena.

"Ikibana, fundi ataipanua."

Hawezi kuivuta kama dhahabu. Anachoweza ni kuchonga ndani kidogo sana, na kila anachochonga kinapunguza nguvu yake. Kwa hiyo kipimo kiwe sahihi tangu mwanzo: pima kidole jioni mkono ukiwa na joto, kwa sababu kwenye baridi ya asubuhi kidole husinyaa, na pete iliyoingia vizuri saa hizo itakubana mchana.